Boy: Herufi Tatu Zilizofuta Majina ya Watu Wazima

Kwa sasa neno “boy” halina noma kabisa. Kuna boyfriend, kuna boy band, kuna “my boy” ya kumtambulisha mshkaji wa damu. Timu ya taifa ya Tanzania ya vijana chini ya miaka 17 inaitwa Serengeti Boys, na kila mtu anaona sawa. Washkaji wanne wakipiga picha ya harusi na suti zao, kapsheni inaandikwa “me and my boys”, na komenti zote ni moto tu.

Sasa chukua neno hilohilo, mpelekee mwanaume mweusi wa miaka 45 kule Alabama, Marekani, halafu anayelitamka awe bosi wake mzungu. Hapo hali ya hewa inabadilika ghafla. Ishu inaweza kufika mahakamani, na kweli ilishafika, hadi Mahakama ya Juu ya nchi nzima.

Herufi ni zilezile tatu. Kwa nini huku ni upendo na kule ni tusi? Jibu liko kwenye historia ya neno lenyewe, na historia hiyo imepita mpaka jikoni za Nairobi na Dar es Salaam.

Mwanzoni halikuwa “mtoto wa kiume”

Wengi tunafundishwa darasa la tatu: boy ni mvulana, girl ni msichana, tunasonga mbele. Kumbe mambo hayakuanza hivyo.

“Boy” linaonekana kwenye maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 13, na maana yake ya kwanza ilikuwa mtumishi, mtu wa tabaka la chini, wakati mwingine mhuni. Maana ya “mtoto wa kiume” ilikuja kushika baadaye. Kwa upande wa pili, “girl” la zamani lilikuwa mtoto yeyote, awe wa kike au wa kiume. Yaani ungeweza kuwa na girl mwenye ndevu zinazokuja, na boy mwenye mvi, kwa sababu boy ilikuwa cheo, na cheo chenyewe cha chini.

Wataalamu mpaka leo hawajakubaliana neno lilitoka wapi hasa. Ila tabia yake inafahamika, kwa sababu ndugu zake karibu wote wana tabia hiyohiyo.

Angalia “knave”. Mwanzoni lilikuwa mvulana tu, kisha likawa mtumishi, kisha likaishia kuwa tapeli. “Lad” nalo lilianza kama mtumishi wa chini kabla halijawa kijana mchangamfu. “Groom” lilikuwa kijana wa kiume, likawa mtumishi, likaishia kwenye banda la farasi. (Groom wa harusini ana asili yake nyingine, ila maneno hayo mawili yalichanganyika njiani.) “Kid” kabla ya kuwa mtoto wa mtu lilikuwa mtoto wa mbuzi. Na “guy”, ambalo leo kila mtu analitumia, limetokana na Guy Fawkes, jamaa aliyekamatwa London mwaka 1605 kwenye njama ya kulipua Bunge. Waingereza wakawa wanachoma sanamu yake kila tarehe 5 Novemba, sanamu ikaitwa “guy”, kisha mtu yeyote aliyevaa kituko akaitwa “guy”, mpaka Wamarekani wakalifanya liwe mwanaume yeyote.

Na si Waingereza peke yao. Wafaransa kwa miaka mingi walimwita mhudumu wa mgahawa “garçon”, maana yake mvulana, hata kama mhudumu ana wajukuu. Kiarabu kina “ghulam”, ambalo ni kijana wa kiume na pia ni mtumishi au mtumwa. Kiswahili kililichukua neno hilo, na wacheza karata wa zamani wanalijua vizuri: ghulamu ndiyo ile karata ya J. Waingereza nao karata hiyohiyo waliiita “knave”. Lugha mbili ambazo hazikukaa kikao zimeiita karata moja kwa jina moja, yule kijana mtumishi anayesimama chini ya mfalme na malkia.

Kwa hiyo ni mchezo wa zamani sana. Ukitaka mtu mzima akutumikie bila kukuuliza maswali, mwite mtoto.

Roma: mtumwa anayebeba jina la bosi

Warumi wa kale waliucheza mchezo huu waziwazi. Kwa Kilatini mvulana ni “puer”, na mtumwa wa kiume wa umri wowote naye aliitwa puer. Zama za mwanzo hata jina lake lilipotea kabisa. Mtumwa wa mtu aitwaye Marcus aliitwa Marcipor, yaani “puer wa Marcus”. Wa Lucius aliitwa Lucipor.

Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa popote. Kilichobaki ni jina la mwenye mali, kama namba ya gari inavyoonyesha mmiliki. Sasa ruka miaka kama elfu mbili uone kitu kilekile kikijirudia, safari hii ndani ya treni.

Treni ambamo kila mhudumu aliitwa George

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na utumwa kufutwa mwaka 1865, mfanyabiashara George Pullman alitajirika na mabehewa ya kulala, ya kifahari kwelikweli. Wahudumu wake walikuwa wanaume weusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani au ni watoto wa waliokuwa watumwa. Walibeba mizigo, walitandika vitanda, walipiga viatu rangi usiku abiria wakiwa wamelala.

Abiria hawakuuliza majina. Waliita “boy!” au waliita “George!”, kwa sababu bosi mwenye mabehewa aliitwa George. Ni Marcipor yuleyule, ila sasa amevaa sare na kofia.

Kuna kipande cha hadithi hii kinachochekesha na kuuma kwa pamoja. Miaka ya 1910 kilianzishwa chama cha kupinga wahudumu wa treni kuitwa George. Waanzilishi walikuwa akina nani? Wazungu wenye jina la George. Walianza kama utani, na hoja yao ilikuwa jina *lao* lisichezewe. Mwenye mzigo begani hakuwamo kwenye hesabu.

Wahudumu wenyewe walijipanga kivyao. Mwaka 1925 waliunda chama cha wafanyakazi chini ya A. Philip Randolph, wakapambana miaka 12, na mwaka 1937 kampuni ikasaini nao mkataba. Mishahara na saa za kazi vilikuwa mezani, ila heshima ya kuitwa kwa jina nayo ilikuwa sehemu ya vita hiyo.

Boi anafika Afrika Mashariki

Wakati huo “boy” lilishapanda meli. Waingereza walioishi India na China walilitumia kwa mtumishi wa nyumbani wa umri wowote, kiasi kwamba kamusi yao maarufu ya maneno ya India, Hobson-Jobson ya mwaka 1886, ina sehemu maalumu ya neno hilo. Walipokuja kutawala Afrika Mashariki walikuja nalo kwenye begi.

Kiswahili kililipokea, kikalipa irabu za kwetu, likawa boi. Kamusi za Kiswahili zinalo mpaka leo: boi ni mtumishi wa kiume wa nyumbani. Wafaransa na Wabelgiji nao waliliazima hivyohivyo kutoka kwa Waingereza, ndiyo maana Ferdinand Oyono wa Kameruni alipoandika riwaya ya Kifaransa mwaka 1956 kuhusu mtumishi wa wakoloni, aliiita *Une vie de boy*. Kongo wakawa na boyi, na nyumba ya nyuma ya kulala watumishi ikaitwa “boyerie”. Uganda wanaiita “boys’ quarters” mpaka sasa. Nairobi ni SQ, na vijana wengi wanaoanza maisha wanaipanga bila kuwaza kwamba ile S ni ya “servant”, mtumishi.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba kazi za ndani enzi hizo zilifanywa zaidi na wanaume. Wanaume wazima. Mpishi, dobi, mtunza bustani, mhudumu wa mezani, wengi walikuwa na wake na watoto kijijini au kitaani. Kule kwenye migodi ya Afrika Kusini, hata mwanaume mweusi aliyesimamia genge zima la wachimbaji chini ya ardhi alipewa cheo cha “boss boy”. Alikuwa bosi, lakini bado boy.

Fikiria maana ya hilo kwenye jamii zetu. Huku umri ni heshima. Mwanaume akipata mtoto jina lake linapanda, anakuwa Baba Juma, Baba Asha. Akizeeka anakuwa mzee, hata wasiomjua wanamwamkia shikamoo. Halafu mtu huyohuyo anavuka barabara, anaingia geti la Oysterbay au Muthaiga, anakuwa boi. Mtoto wa bwana mwenye miaka sita anaweza kumwita hivyo, naye anaitika. Jioni anarudi kwake, na mlangoni anakuwa mzee tena. Watu waliishi na majina mawili, na moja lilikuwa halina mtu ndani yake.

Kenya kulikuwa na kituko kingine. Kuanzia miaka ya 1919 na 1920, sheria ya kipande ilimlazimu mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole na kumbukumbu za kazi, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning’inia shingoni. Kwa hiyo serikali ilikuwa inalijua jina lake vizuri sana, tena limeandikwa kwa wino. Jina lilihitajika kwa ajili ya kumkamata akitoroka kazini. Kwa ajili ya kumwita aje mezani, “boy” lilitosha.

Ila hawa watu hawakukaa tu. Miaka ya 1940 watumishi wa nyumbani wa Dar es Salaam walikuwa tayari na chama chao. Tazama walivyojiita: Chama cha Wapishi, Madobi na Watumishi wa Nyumbani wa Kiafrika. Walipopata nafasi ya kujipa jina wenyewe, walitaja ufundi wa kila mmoja. Boy hakuwemo.

Memphis 1968: bango lenye maneno manne

Tarehe 1 Februari 1968, mvua kubwa ilikuwa inanyesha Memphis, Tennessee. Wazoa taka wawili weusi, Echol Cole na Robert Walker, walijisitiri nyuma ya lori lao la taka. Mashine ya kugandamiza taka ikajiwasha na kuwaua.

Siku 11 baadaye, wazoa taka wapatao 1,300 waligoma. Walidai mishahara, usalama kazini na chama chao kitambuliwe. Lakini mabango waliyobeba barabarani hayakutaja dola hata moja. Yaliandikwa maneno manne tu: “I AM A MAN”. Mimi ni mwanaume.

Mtu asiyejua historia ya “boy” anaweza kushangaa. Mwanaume mwenye ndevu na familia, kwa nini aandike kwenye bango jambo ambalo kila mtu analiona kwa macho? Lakini wale wanaume walikuwa wameitwa boy maisha yao yote, kama baba zao walivyoitwa. Bango lilikuwa jibu kwa neno moja ambalo halikuandikwa popote, ila kila mtu barabarani pale, mweusi kwa mzungu, alilisikia.

Martin Luther King Jr. alikwenda Memphis kuwaunga mkono. Huko ndiko alikopigwa risasi na kuuawa tarehe 4 Aprili 1968. Mgomo uliisha tarehe 16 Aprili, jiji likakitambua chama chao na kuwaongeza mishahara.

Hadi Mahakama ya Juu

Turudi Alabama. Wafanyakazi wawili weusi wa kiwanda cha kuku walinyimwa vyeo, wakashtaki kwamba ni ubaguzi. Moja ya ushahidi wao: meneja mzungu aliwahi kuwaita “boy”. Mahakama ya rufaa ikasema neno hilo peke yake, bila kutaja rangi, haliwezi kuwa ushahidi wa ubaguzi. Yaani angesema “black boy” sawa, lakini “boy” tu ni neno la kawaida.

Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani ikalikataa wazo hilo. Majaji walisema si kila “boy” ni ubaguzi, ila si kweli pia kwamba likisimama peke yake halina ubaya. Maana yake inategemea mazingira, mkazo, sauti ya msemaji, desturi ya mahali na jinsi neno lilivyotumika kihistoria.

Kwa lugha ya kitaani: usiangalie kamusi tu, angalia nani anamwambia nani, wapi, na kwa sauti gani.

Neno hilohilo, mwelekeo mwingine

Hapa ndipo jambo linapopendeza, kwa sababu “boy” halijawahi kuwa baya kwa kila mtu. Wazee wa Kiingereza kwenye klabu zao za kitajiri waliitana “old boy” kwa mahaba. Shule za zamani za Kenya na Uganda zina vyama vya “Old Boys”, na humo wapo mawaziri, majaji na wakurugenzi wanaojivunia kuitwa boy wakiwa na miaka 70. Hawaumii, kwa sababu wanaitwa na wenzao, na wao wanaita vilevile. Neno linakwenda na kurudi.

Vijana weusi wa Marekani nao walilichukua wakaligeuza. “Homeboy” ni mtu wa kwetu. Bronx, New York, miaka ya 1970, wacheza dansi walioingia katikati ya duara muziki ukifika kwenye “break” wakaanza kuitwa b-boy na b-girl. Mwaka 2024 breaking ikaingia Olimpiki ya Paris, na mashindano yenyewe yakaitwa rasmi B-Boys na B-Girls. Neno lililotumika kuwaita babu zao waje kubeba mizigo sasa linatangazwa kwa kipaza sauti kabla ya mtu kupewa medali.

Lakini kumbuka, ni wao waliolichukua. Shakespeare alilijua hili zamani: kwenye tamthilia yake ya Coriolanus, jemadari asiyeogopa jeshi anavumilia mengi, ila adui akimwita “boy” anapasuka kwa hasira, na hasira hiyo ndiyo inayomfikisha kwenye kifo.

Na huku kwetu je?

Ni rahisi kusoma haya na kuwalaumu wakoloni, kisha kufunga simu. Lakini wakoloni waliondoka na boi akabaki. Akawa hausiboi. Akawa shamba boi. Kwenye malori akawa taniboi, ambaye wengine wanamwita utingo, na anaweza kuwa baba wa watoto wanne.

Kazi za ndani zilipohamia kwa wanawake, mchezo ulihama nao. Mwanamke wa miaka 40 anaitwa hausigeli, msichana wa kazi, binti wa kazi. Bongo wakamtania “beki tatu”, Nairobi wakamwita “mboch”. Kuna nyumba ambazo amelea watoto wawili mpaka wakaingia sekondari, na watoto hao hawajui jina lake la pili. Wanajua tu “dada”. Dada ni neno zuri, lina udugu ndani yake. Lakini Marcipor naye huenda aliitwa kwa sauti ya upole siku nyingine.

Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu kazi za staha kwa wafanyakazi wa nyumbani, na jina lililochaguliwa kimataifa ni hilo: wafanyakazi. Ni neno lilelile wale wazoa taka wa Memphis wangelikubali, kwa sababu mfanyakazi ana mkataba, ana siku ya mapumziko, ana umri wake na ana jina lake.

Timu za taifa za Tanzania zinaonyesha mfano mzuri bila hata kukusudia. Chini ya miaka 17 unachezea Serengeti Boys. Ukivuka hapo unakuwa Ngorongoro Heroes. Ukikomaa ni Taifa Stars. Hakuna anayebaki Boys mpaka anastaafu.

Maelfu ya wanaume waliopika, wakafua na kufungua mageti ya nyumba za wakoloni kuanzia Mombasa hadi Bujumbura hawakupata nafasi hiyo. Kwenye picha za zamani za familia za kizungu wanaonekana pembeni, kanzu nyeupe, kofia nyekundu, sinia mkononi. Chini ya picha mabwana na mabibi wameandikwa majina yote mawili. Wao wameandikwa “our boy”.

Baadhi yao ni babu wa watu wanaosoma hapa. Kama bibi yupo, au mjomba mwenye kumbukumbu, muulizeni babu alikuwa anaitwa nani. Na kama kuna mtu anapika nyumbani kwenu leo, yeye ni rahisi zaidi: yupo jikoni, anaweza kuulizwa sasa hivi.